Kitanda cha Kura

Ekerenyo,
Jumamosi jioni.

Mwanangu Kwamboka,

Umeenda kanisani kuwaaga wenzako wa kwaya, na najua hamtaachana mapema. Nimekaa mezani pako nikachukua kalamu yako. Nimekulea kwa Ekegusii, lakini kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, na darasa la nane likawa mwisho wangu. Kwa hiyo vumilia mwandiko, na mama mwenyewe pia.

Mambo ya blanketi na sufuria na nani wa kupigiwa ukifika tumeyasema mpaka jana ukaniambia, "Mama, hata taulo umeitaja mara ya tatu." Sitayarudia. Naandika kwa sababu ya lile swali uliloniuliza Alhamisi tukichuma majani chai, nami nikajifanya sikusikia. Uliuliza bila hata kuinua kichwa: "Mama, mwaka wa kura ukifika, nirudi nyumbani au nikae kule?" Nikakuambia uangalie, unachuma majani makubwa, yatakataliwa kituoni. Hayakuwa makubwa. Ulikuwa unachuma vizuri kama kawaida yako.

Kenya yote hii ina vyuo vya ualimu, na wewe ukaitwa kule kule Sotik. Siku ile ujumbe ulipoingia kwenye simu ulirukaruka uani, nami nikaruka nawe. Kisha nikaingia jikoni nikashika ukuta. Ndiyo maana chai ya siku ile ilikuwa na chumvi. Ulicheka ukasema mama amezeeka. Sikuzeeka, mwanangu. Niliogopa.

Nataka kukujibu, lakini huwezi kulipima jibu langu kama hujui linatoka wapi. Vipande umevisikia, vingine kwangu na vingine kwa watu, na watu wakisimulia mambo ya kura huyapanga mpaka yafanane.

Tulipooana, mimi na baba yako tulihamia Sotik. Si mbali, mtu wa Nyamira anaweza kwenda na kurudi siku moja. Yeye alikuwa seremala, mimi nikauza ndizi zilizotoka Nyaramba. Tulipanga kwa Mama Chebet, Mkipsigis, mwenyeji wa pale, huyo huyo ambaye kesho atakupokea. Wewe unamkumbuka kwa maziwa lala ya kibuyu. Mimi namkumbuka kwa mdomo wake. Siku aliyokusikia ukiniita "baba", kama watoto wote wa Kisii wanavyomwita mama, aliweka ndoo chini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nyinyi mama mnamwita baba. Basi baba mnamwita nani?"

"Tata," nikamwambia.

"Ndiyo maana serikali haiwezi kuwahesabu!"

Lakini hayo ni ya baadaye. Kura ya kwanza tukiwa kule ilipoharibika, nilikuwa na mimba yako, mwezi wa mwisho. Redio ikasema nchi imeingia katika mgogoro. Nalikumbuka neno hilo kwa sababu mtangazaji alilitamka polepole, kama mtu anayekanyaga matope. Kabla ya hapo, mgogoro kwangu ulikuwa jambo la ndugu wawili na mpaka wa shamba, wazee wanakuja, wanapanda kigingi, unakwisha. Sikujua kwamba nchi nzima inaweza kuwa nao, na kwamba ukiwa ndani yake huoni jana wala kesho. Unaona mlango tu, na unasikiliza.

Alfajiri Mama Chebet alibisha. Akasema, "Mama, toka. Wanaokuja si watu wa hapa, siwajui, na kijana wangu hawezi kuwazuia." Tulitoka na nguo za mwilini. Tulipogeuka tukaona moshi wa karakana ya baba yako, mbao zake zote. Ulizaliwa wiki hiyo hiyo, upande huu, katika zahanati iliyojaa watu waliokimbia kama sisi. Bibi yako alitaka upewe jina la dada yake marehemu. Nilikataa. Nikasema ataitwa Kwamboka, jina la kuvuka, kwa kuwa nilikuwa nimevuka.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba hofu ni upumbavu. Hofu ndiyo iliyotutoa. Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Hofu iliniambia kweli mara moja, na tangu siku hiyo nikaiamini kwa kila neno ililosema.

Baba yako alirudi Sotik kulipotulia, akaanza upya kwa randa ya kuazima. Sisi tukamfuata baadaye. Na hapo ndipo alipoanza kutengeneza vile vitanda. Hakutia gundi wala msumari, alifunga kwa bolti tupu. Ukiwa na spana moja, kitanda kinalala chini vipande vipande kabla ugali haujaiva. Unajua desturi ya watu wetu walio ugenini: kura ikikaribia, mtu anapakia vitu kwenye lori avirudishe nyumbani, kitanda, kochi, godoro, wakati mwingine na kuku. Wateja ndio waliokipa jina. "Fundi, nitengenezee kitanda cha kura." Hata Wakipsigis waliagiza, wale wenye watoto wanaofanya kazi mbali, kwa sababu kumbe nao wana mahali wanapoogopa. Baba yako alikuwa akisema hicho ndicho kitu pekee ambacho Kenya nzima imekubaliana.

Alicheka, lakini hakukipenda kitanda kile. Alisema mbao isiyotiwa gundi hulia usiku.

Mimi nilikipenda. Niliishi kama kitanda hicho. Sikushona mapazia. Sikupanda maua wala mti. Picha ya harusi yetu ilikaa ndani ya begi. Ulipoanza kuongea uliniuliza kwa nini vikombe vizuri viko kwenye sanduku, nikasema ni vya wageni. Havikuwa vya wageni, vilikuwa vya safari. Mtu akinishauri jambo lolote jema, nilikuwa na jibu moja: mambo yakitulia. Tutajenga mambo yakitulia. Tutapiga picha na mtoto mambo yakitulia. Niliishi kama mtu aliyekaa stendi na mizigo mapajani, na kumbe pale stendi ndipo maisha yenyewe yalipokuwa.

Sikiliza watu sokoni Kebirigo wanavyohesabu miaka. Huyu alizaliwa kura ile ya moshi. Ng'ombe yule alinunuliwa kura iliyofuata. Korona ikaja, nayo ikapewa nafasi yake. Ukiwasikiliza utadhani kati ya balaa na balaa tulikuwa tumelala. Lakini mimi nikikaa peke yangu, ninayoyakumbuka ni ya katikati. Baba yako akikufundisha kupiga mluzi, na bibi yako akisema msichana hapigi mluzi, na wewe ukipuliza mate tu. Baba yako akirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi, ukimwita mzee. Ulikuwa mwaka gani? Sijui. Nimejaribu kuutafuta, siupati. Hakuna kilichoharibika mwaka huo, kwa hiyo hakuna aliyeupa jina. Miaka isiyo na jina ndiyo tuliyoishi, Kwamboka, na mimi niliipitisha nikitazama barabara.

Kisha baba yako akatengeneza kabati. Alilijengea ndani ya nyumba, pana, la kutiwa gundi kila kiungo, na lilipokamilika niliona halitapita mlangoni.

"Baba Kwamboka, hili litatokaje?"

"Halitoki."

"Na tukihama?"

"Tukihama litabaki, watakaokuja waliulize tumekwenda wapi."

Nilimnunia, nikakataa kuweka vitu ndani. Yeye akaweka shati lake moja la Sabato, likakaa humo likining'inia peke yake kama mpangaji.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Ni ule mwaka tuliopiga kura mara mbili. Ulikuwa bado mdogo wa kubebewa mkoba wa shule. Nilikutoa darasani mapema, kabla ya kila mtu, mwalimu wako akiniambia mtihani uko karibu. Nilifungua kitanda mwenyewe kwa spana. Baba yako alisimama mlangoni akanitazama nikikusanya bolti kwenye kikombe.

"Kura ni siku moja," akasema.

"Na mwaka ule ilikuwa siku ngapi?"

Alitubebea mizigo mpaka barabarani. Alisema atabaki, ana madawati ya watu, na kwamba mtu akifunga karakana kila mara redio inapokohoa, mwisho atasahau kazi. Alikulaza wewe begani mpaka gari lilipokuja, ingawa ulikuwa umeshakuwa mzito.

Kura ikapigwa. Kulikuwa na kelele mahali pengine, lakini Sotik kulikuwa kimya. Akapiga simu: "Rudini. Soko limefunguliwa, watoto wako shule." Nilikuwa nimeanza kufunga mizigo, wallahi nilikuwa nimeanza, redio ikasema kura itarudiwa. Nikakaa chini juu ya begi. Nikamwambia tungoje hiyo ya pili ipite.

"Na baada ya ya pili utangoja ya ngapi?" akaniuliza. Alicheka, lakini nilisikia kwamba hakucheka sana.

Tukangoja. Katika kungoja huko tumbo likamshika. Kwenye simu alisema, "Linanikata kidogo, nimekunywa maji moto." Ungemjua baba yako kama nilivyomjua, ungejua kwamba kidogo chake si kidogo. Huyo alikuwa mtu ambaye hospitali haendi kwa maneno. Njia yake ilikuwa moja: nachukua viatu vyake naviweka mlangoni, vikielekea nje, sisemi kitu, naendelea na kazi. Baada ya muda anavaa. Safari hii hakukuwa na mtu wa kuviweka viatu mlangoni. Uso wake niliousoma kila siku, sikuuona.

Na Mama Chebet alikuwa pale pale, ukuta kwa ukuta. Karakana ilifungwa siku mbili na hakushtuka. Wakati mwingine wowote angeshtuka, angepiga mlango ule mpaka ung'oke. Lakini ulikuwa wakati wa kura. Milango mingi ya watu wetu ilikuwa imefungwa, wamekwenda nyumbani. Alidhani baba yako naye hatimaye amenifuata. Aliniambia, "Nilifurahi. Nikasema, ameacha ukaidi, amemfuata mke." Ni pale alipopita kwenda kukamua ndipo aliposikia sauti ndani. Yeye na kijana wake walivunja mlango, wakatafuta gari, wakamfikisha hospitali. Madaktari walijaribu. Utumbo ulikuwa umepasuka tangu jana yake.

Hakuuawa na mtu. Uliporudi kutoka shuleni mwaka ule ukilia kwamba mwenzako amesema baba yako aliuawa kwenye kura, nilikuambia ukweli, lakini nilikuambia kwa sauti ndogo. Leo nauandika ili uende nao: mji ulikuwa kimya, watu walikuwa wakinunua viazi. Hakuna aliyeinua mkono juu yake. Maradhi ya tumbo yalimkuta mahali ambapo hofu ilikuwa imeshaondoa watu wote, na mtu wa kwanza kuondoka nilikuwa mimi.

Mama Chebet alikuja na mwili mpaka hapa Ekerenyo, siku ambazo watu wa pande zote mbili walikuwa wakiogopa kuvuka. Alikaa nyuma ya gari, kanga kichwani. Baba yako mdogo, Onchiri, naye alikuwa na uchungu wake, alisimama mbele ya watu wote akauliza kwa Kiswahili ili mgeni asikie vizuri: "Huyu amekuja kulia, au amekuja kuona kazi yao?"

Mama Chebet akamtazama. "Nimekuja kumzika jirani yangu. Wewe ndugu, mara ya mwisho ulimpigia simu lini?"

Niliona Onchiri akitazama viatu vyake. Mimi nilisogea kwenye benchi, na Mama Chebet akaja akakaa, na tukakaa hivyo mpaka kaburi likafunikwa. Onchiri mwenyewe ndiye aliyempelekea chakula baadaye. Alimpa paja la kuku. Hawakuombana msamaha, walizungumza habari ya bei ya maziwa.

Ungedhani nilijifunza. Kura iliyofuata tulikuwa hapa hapa, nyumbani kwetu, kwenye kilima chetu, na bado nilifunga mizigo. Nilinunua unga, nikaficha vyombo, nikafunga begi. Ulisimama hapo mlangoni na sare ya shule, mkono kiunoni, ukaniuliza, "Mama, sasa tunakimbia kutoka nyumbani kwenda wapi?" Nilikukemea. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka mpaka nikalia, kwa sababu ulikuwa umesema kwa sauti ya baba yako.

Sasa redio imeanza tena. Mgogoro huu, mgogoro ule. Vijana wa rika lako barabarani na moshi wa kuwasha macho, bei ya kila kitu, na mwaka ujao ni mwaka wa kura. Mzee wa kanisa anasoma Danieli na kutazama juu ya miwani. Nimejaribu kukumbuka mwaka mmoja, tangu nikiwa msichana, ambao redio haikusema mambo yamefika pabaya. Sikuupata. Na kama kila mwaka ni mwaka mbaya, basi huenda ni mwaka tu, una mvua zake mbili na kazi yake. Hivyo ndivyo baba yako angesema. Mimi naweza kuandika hivyo, lakini moshi nao niliuona. Yote mawili ni kweli, na hakuna aliyenifundisha namna ya kuyabeba pamoja.

Tazama nilivyo. Transfoma ikilipuka pale njiani, mimi huwa nimeshika jina lako mdomoni kabla sijajua ni nini. Ukichelewa kutoka dukani nahesabu viatu vilivyo mlangoni. Kesho ukipanda gari, nitasimama, nitapunga mkono, nitatabasamu kama mama wa kwenye picha. Usidanganyike. Ndani nitakuwa nakuvuta kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na nimelifikiria tangu Alhamisi.

Mwaka wa kura usiniulize mimi. Ukiniuliza nitasema rudi. Nitasema rudi mwezi wa pili, nitasema rudi kwa sababu nimeota, kwa sababu mtu sokoni amesema, kwa sababu kumekuwa kimya na mimi kimya sikipendi. Nitakupigia nikilia, na nitatumia jina la baba yako. Najijua. Ikifika hapo, niulize swali moja tu: "Mama, umeona nini kwa macho yako?" Nikinyamaza, jua sijaona kitu.

Muulize aliye pale. Mama Chebet akikwambia "toka", toka hata bila viatu, usigeuke kuchukua kitabu. Aliwahi kuniambia hivyo na alikuwa sahihi. Akikwambia "kaa", tazama na wewe: watoto wanakwenda shule? Akina mama wametandaza viazi? Jirani anakuangalia machoni? Basi kaa, fanya mtihani wako, pika, fua nguo. Na mlango wa mtu ukifungwa siku mbili, awe wa kabila lolote, usidhani amekwenda kwao. Bisha.

Nunua mapazia. Weka vikombe juu ya meza. Ukipata rafiki huko, au ukipata zaidi ya rafiki, usimwambie angoje mambo yatulie.

Na mimi utaniacha huku nikiogopa. Usije kwa ajili ya hilo. Hofu hii niliipata kabla hujazaliwa, ni yangu, nimeshazoea kulala nayo na kuamka nayo, na sitaki uibebe tena kwenye begi lako. Nikikuambia rudi, na wewe ukiona hakuna sababu, nikatalie. Nikatalie kwa upole, lakini nikatalie. Nitakasirika, nitamwambia Onchiri kwamba nimezaa mtoto mkaidi. Asubuhi nitashukuru.

Ila simu nikipiga, pokea.

Mimi mama yako,
ambaye kesho utamwona akitabasamu.